Bega Lililoteguka na Fiziotherapia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

## Kuelewa kilichotokea

1. Bega kuteguka ni nini hasa?

Katika mazungumzo ya kila siku tunasema mtu "ameteguka" hata pale kano za kifundo cha mguu zilipovutika tu na mifupa ikabaki mahali pake. Kwa bega, na katika majibu haya yote, neno hili lina maana finyu zaidi: kichwa cha mfupa wa mkono wa juu, ambacho ni cha mviringo kama mpira, kimetoka kabisa katika kikombe chake kilichopo kwenye kombe la bega, yaani ule mfupa bapa ulio nyuma ya bega. Kikitoka kidogo na kurejea chenyewe, hiyo huitwa kuteguka nusu, na inahitaji uangalizi uleule ingawa haitishi sana kuitazama.

Hakuna kiungo mwilini chenye uhuru wa kusogea kama bega, na uhuru huo una gharama yake. Kikombe hakina kina cha kutosha, kwa hiyo kinachokishikilia kichwa cha mfupa si umbo la mifupa bali ni ukingo wa gegedu unaozunguka kikombe, mfuko wa kiungo, kano, na misuli. Zaidi ya mara 9 kati ya 10 mfupa hutokea upande wa mbele, na kwa sababu hiyo majibu mengi hapa yanahusu bega lililoteguka kwa mbele. Lililoteguka kwa nyuma lina masharti yake, nayo yameelezwa katika swali la 21.

2. Bega limesharudishwa hospitali na maumivu yamepungua. Fiziotherapia ya nini tena?

Kurudishwa kwa bega kunaurejesha mfupa mahali pake, lakini hakuziponyi tishu zilizochanika mfupa ulipokuwa unatoka. Mwaka 1923 daktari wa upasuaji wa Uingereza, Arthur Bankart, alieleza namna ukingo wa gegedu unavyobanduka upande wa mbele wa kikombe, na jeraha hilo hadi leo linaitwa kwa jina lake. Mwaka 1940 wataalamu wa eksirei wa Marekani, Hill na Sachs, walieleza bonde linalobaki nyuma ya kichwa cha mfupa pale kinapogongana na ukingo wa kikombe. Majeraha haya mawili hukutwa kwa watu wengi walioteguka bega, na hakuna hata moja linaloondoka siku mfupa uliporudi.

Ni kweli kwamba maumivu makali hupungua mara tu bega linaporudi. Hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Misuli imenywea na kulegea, na ile hisia inayouambia ubongo mkono uko wapi bila kuutazama imevurugika, kwa hiyo misuli huchelewa kushika pale mkono unapovutwa ghafla. Kazi ya fiziotherapia ni kuifundisha misuli ibebe mzigo ambao kano zilizolegea haziwezi tena kuubeba peke yake, na mafunzo hayo huchukua miezi.

3. Likiteguka tena nikiwa mbali na hospitali, naweza kulirudisha mwenyewe au kumwomba mtu alivute?

Usifanye hivyo, na usikubali kuvutwa na mtu asiye na mafunzo hata akiwa na nia njema. Mishipa mikubwa ya damu na ya fahamu inapita kwapani, karibu kabisa na mahali mfupa ulipohamia, na kuvutwa ovyo kunaweza kuichana au kuuvunja mfupa uliokuwa umeteguka tu. Ushikilie mkono katika nafasi isiyouma sana, uukinge kwa kitambaa au mto, kisha uende hospitali. Usile wala kunywa njiani, kwa kuwa huenda ukahitaji dawa ya usingizi.

Mkono ukiwa wa baridi, ukapauka, au vidole vikashindwa kabisa kusogea, hiyo ni dharura isiyopaswa kusubiri hata saa moja.

4. Kwa nini nipigwe eksirei tena baada ya bega kurudi?

Picha ya pili inathibitisha kwamba mfupa umekaa mahali pake, na pia huonyesha mivunjiko midogo ambayo haikuonekana mwanzoni. Mtaalamu wako wa fiziotherapia atataka kujua matokeo yake kabla hajakupa zoezi lolote.

## Wiki za kwanza

5. Nivae slingi, yaani kitambaa cha kuning'inizia mkono shingoni, kwa muda gani?

Kwa kawaida ni kati ya wiki 1 na 3, na jibu sahihi kwako hutegemea umri, aina ya jeraha, na kama kuna mfupa uliovunjika. Wengi huamini kwamba kadiri slingi inavyokaa muda mrefu ndivyo bega linavyopona vizuri zaidi. Tafiti hazijaunga mkono imani hiyo: kwa bega lililoteguka mara ya kwanza, kukaa na slingi zaidi ya wiki moja hakujaonyesha kupunguza uwezekano wa kuteguka tena. Kinachoongezeka kwa hakika ni ukakamavu wa kiungo, hasa kwa waliovuka miaka 40, na ndiyo maana wao huhimizwa kuanza kusogeza bega mapema zaidi kuliko vijana.

Itumie slingi kupumzisha bega, lakini usiigeuze kuwa sehemu ya mwili wako. Kiwiko kikae katika pembe ya nyuzi 90, kiganja kiwe juu kidogo kuliko kiwiko, na mkanda usikate shingo.

6. Nilaleje, na nivaeje nguo?

Lala chali ukiwa umeinuliwa kidogo kwa mito, na uweke mto mdogo chini ya kiwiko cha mkono ulioumia, ili kiwiko kisizame nyuma ya usawa wa mwili. Mtu anapolala chali bila mto huo, uzito wa mkono unashuka kuelekea godoro na kukisukuma kichwa cha mfupa mbele, kule kule kilikotokea. Wagonjwa wengi wanaolalamika kwamba bega linawaamsha usiku hupata nafuu siku hiyohiyo wanapouweka mto huo mdogo.

Chagua shati lenye vifungo mbele. Mkono ulioumia uingie kwanza wakati wa kuvaa na utoke mwisho wakati wa kuvua, nao ubaki ukining'inia huku mkono mzima ukiivuta nguo kuufuata. Wakati wa kuoga, inama kidogo upande wa bega lililoumia ili mkono ujitenge na mwili wenyewe na kwapa lifikike, badala ya kuuinua.

7. Ni mazoezi gani naweza kufanya nikiwa bado na slingi?

Tangu siku ya kwanza fungua na ufumbe vidole, zungusha kifundo cha mkono, na ukunje na kukunjua kiwiko mara kadhaa kwa siku. Mkono uliofungwa tuli huvimba na kukakamaa hata mahali pasipo na jeraha.

Mtaalamu akikuruhusu, huongezwa zoezi la pendulamu. Simama kando ya meza, egemea mkono mzima, inama kiunoni, na uache mkono ulioumia uning'inie wima kama kamba iliyofungwa jiwe. Kisha yumbisha kiuno polepole, mbele na nyuma, halafu kwa duara dogo, ili mkono ufuate wenyewe. Kosa ninaloliona karibu kila siku ni mtu kuuzungusha mkono kwa nguvu ya bega, na mara nyingi kwa duara kubwa, akidhani ukubwa wa duara ni dalili ya maendeleo. Ukiushika msuli wa juu ya bega kwa mkono wa pili ukaukuta umekaza, ujue hufanyi pendulamu tena.

Baadaye kidogo huja mazoezi ya kukaza misuli bila kusogeza kiungo. Simama ubavu ukiwa karibu na ukuta, kiwiko kikiwa kimekunjwa na kubana mbavu, weka taulo iliyokunjwa kati ya mgongo wa kiganja na ukuta, kisha sukuma ukuta kwa theluthi tu ya nguvu zako kwa sekunde 5 na kuachia. Hakuna kitu kinachoonekana kusogea, lakini misuli inafanya kazi.

8. Barafu au joto?

Barafu iliyofungwa katika kitambaa, kwa dakika 10 hadi 15 kila mara, inafaa siku za mwanzo, na joto linafaa baadaye kulegeza misuli kabla ya mazoezi. Vyote viwili hutuliza tu na havibadilishi namna bega linavyopona.

9. Nina ganzi upande wa nje wa bega, karibu na mahali pa kuchomea sindano. Ni kawaida?

Hutokea mara nyingi. Mshipa wa fahamu unaouhudumia msuli mkubwa wa juu ya bega unapita chini tu ya kiungo, na huvutika mfupa unapotoka. Mara nyingi hupona wenyewe kwa wiki au miezi kadhaa, lakini ni lazima daktari na mtaalamu wa fiziotherapia wajue, kwa sababu mshipa huo ukiwa umelala, msuli hautaitikia mazoezi hata ujitahidi namna gani. Ganzi inayoenea, au udhaifu wa mkono usiobadilika baada ya wiki chache, unahitaji kipimo cha mishipa ya fahamu.

## Mazoezi yenyewe

10. Ratiba ya fiziotherapia inakwendaje kwa ujumla?

Wiki 3 za mwanzo ni za kulinda bega, kwa mazoezi yaliyotajwa katika swali la 7. Kuanzia wiki ya 3 hadi ya 6 mkono unarudishiwa mwendo wake, kwanza kwa kusaidiwa na mkono mzima, fimbo au kapi, kisha kwa nguvu zake wenyewe. Kuunyanyua mbele huja mapema, na kuuzungusha kwenda nje huongezwa taratibu.

Kati ya wiki ya 6 na ya 12 ndipo penye kazi kubwa, na pia ndipo watu wengi wanapoacha kuja kliniki. Maumivu yamekwisha, mkono unafika kabatini, na mtu anajiona amepona. Lakini kipindi hiki ndicho cha kuimarisha misuli 4 midogo inayokizunguka kichwa cha mfupa na kukivuta kiingie katika kikombe chake. Hutumika ukanda wa mpira kwanza kiwiko kikiwa kimebana mbavu, kisha mkono ukiwa umeinuliwa kidogo, na mwishowe juu ya usawa wa bega. Kama ningeweza kumbakiza kila mgonjwa kwa kipindi kimoja tu, ningechagua hiki.

Baada ya wiki ya 12 huja mazoezi ya kasi: kudaka na kurusha mpira, kusukuma ukuta na kuuachia kwa ghafla, kubeba uzito wa mwili kwa mikono. Muda huu wote ni wa kukadiria, na anayekuambia kwamba wiki ya 6 ni ya 6 kwa kila mtu hajakupima vizuri.

11. Ni nafasi gani ya mkono ninayopaswa kuiogopa?

Ni ile ya mtu anayetaka kurusha jiwe: kiwiko kimeinuliwa hadi usawa wa bega na kiganja kimegeuzwa nyuma. Katika nafasi hiyo kichwa cha mfupa kinasukumwa mbele, mahali palepale ukingo ulipobanduka. Iepuke kwa wiki 6 za mwanzo angalau, na uirudie baadaye chini ya uangalizi tu.

Hatari kubwa huwa katika matendo ya kawaida ambayo mtu hayafikirii, kama kugeuka kiti cha mbele cha gari na kunyoosha mkono kuchukua mfuko ulioko kiti cha nyuma, kuweka mikono nyuma ya kichwa kitandani, kujisukuma kwa kiganja kilicho nyuma ya mwili wakati wa kuamka, au kushika mlango unaopeperushwa na upepo.

12. Maumivu ya mazoezi yanaruhusiwa kiasi gani?

Kwa kipimo cha 0 hadi 10, maumivu ya 3 au 4 wakati wa zoezi yanavumilika, mradi yatulie kabla ya asubuhi inayofuata. Yakiwa makali zaidi au yakikufuata usiku, punguza uzito au idadi na umweleze mtaalamu wako. Kuna hisia nyingine tofauti na maumivu, ile ya bega kutaka kuteleza, na hiyo haina kiwango kinachoruhusiwa: ukiisikia, acha zoezi hilo hapohapo.

13. Kwa nini napewa mazoezi ya mgongo na kombe la bega wakati kilichoteguka ni bega?

Kwa sababu kikombe cha bega ni sehemu ya kombe. Mkono unapoinuka, kombe nalo linapaswa kuzunguka juu ya mbavu ili kikombe kiendelee kukaa chini ya kichwa cha mfupa. Misuli ya kombe ikiwa dhaifu, kikombe kinabaki nyuma na mfupa unakosa pa kuegemea. Simama mbele ya kioo bila shati na unyanyue mikono yote miwili polepole: mara nyingi bega lililoumia litapanda kuelekea sikioni mapema kuliko lenzake. Hilo ndilo linalorekebishwa.

14. Bega linatoa mlio wa "ka". Je, linateguka?

Mlio usio na maumivu wala hisia ya kuteleza ni wa kawaida. Mlio unaoambatana na bega kukwama au kuuma ndani unahitaji uchunguzi, kwani huenda kipande cha gegedu kinanasa.

15. Naweza kufanya mazoezi nyumbani bila kwenda kliniki?

Sehemu kubwa ya kazi hufanyika nyumbani, na dakika 15 kila siku hufaa kuliko saa nzima mara moja kwa wiki. Hata hivyo, mtu hawezi kuliona kombe lake mwenyewe, na haoni anapoanza kudanganya zoezi kwa kupinda mgongo. Kama safari za kliniki ni ngumu kwako, omba miadi michache iliyopangwa pale ratiba inapobadilika, yaani unapovua slingi, unapoanza kuimarisha misuli, na kabla ya kurudi kazini au mchezoni.

## Kurudi katika maisha ya kawaida

16. Nitaendesha gari na kurudi kazini lini?

Usiendeshe ukiwa na slingi. Baada ya hapo, jiulize kama unaweza kukata usukani kwa ghafla bila kusita, na uulize pia bima yako inasema nini. Kazi ya mezani hurudiwa mara nyingi baada ya wiki 1 au 2, kibodi ikiwa karibu na kiwiko kikiwa kimeegemezwa. Kazi ya kubeba mizigo au ya mikono juu ya kichwa husubiri takriban wiki 12.

17. Na michezo?

Michezo ya kugongana, kurusha na kuogelea kwa kawaida haianzi kabla ya miezi 3, na mara nyingi husogea hadi wa 4 au zaidi. Kalenda peke yake haitoshi. Mkono unapaswa kufika kote unakofika mwenzake, nguvu yake iwe angalau asilimia 90 ya ule mzima, na mchezaji awekwe katika nafasi ya swali la 11 bila kushtuka wala kukaza uso. Mkimbiaji anaweza kurudi mapema zaidi, ila asisahau kwamba anayekimbia huanguka. Katika chumba cha mazoezi ya vyuma, epuka kusukuma chuma kutoka nyuma ya shingo na kulala kwenye benchi huku viwiko vikishuka chini ya usawa wa kifua.

18. Bega limepona lakini naogopa kulitumia. Nifanye nini?

Woga huo una maana, na asikudharau mtu kwa ajili yake. Mwili unakumbuka siku ile. Mweleze mtaalamu tendo lenyewe unaloliogopa, kisha muligawe: lifanyeni kwanza ukiwa umelala, halafu umesimama, halafu kwa kasi, halafu macho yakiwa yamefumbwa. Woga usiopungua licha ya misuli kuwa na nguvu wakati mwingine ni ishara kwamba bega kweli halijatulia, kwa hiyo usiufiche.

## Kuteguka tena na upasuaji

19. Uwezekano wa kuteguka tena ni mkubwa kiasi gani?

Umri ndio unaoamua zaidi. Kwa walioteguka mara ya kwanza kabla ya miaka 20, zaidi ya nusu huteguka tena, hasa katika miaka 2 ya mwanzo, na wanaume wanaocheza michezo ya kugongana wako hatarini zaidi. Baada ya miaka 40 uwezekano hushuka sana, ingawa hatari nyingine huongezeka (tazama swali la 20). Fiziotherapia hupunguza hatari lakini haiwezi kuugundisha ukingo uliobanduka. Nasema hivi waziwazi ili kijana aliyefanya kila zoezi na bado akateguka asijilaumu.

Kwa watu hao upasuaji huzungumzwa mapema. Daktari bingwa anaweza kuurudisha ukingo kwa matundu madogo, au, kama kikombe kimepoteza mfupa, kuhamisha ncha ya mfupa wa kombe na kuifunga mbele ya kikombe kwa njia iliyoelezwa na Mfaransa Michel Latarjet mwaka 1954. Hakuna upasuaji unaoondoa haja ya fiziotherapia: hufuata wiki 3 hadi 6 za slingi, kisha ratiba ya swali la 10 ikianza upya, na michezo ya kugongana baada ya miezi 4 hadi 6.

## Hali za pekee

20. Nina miaka zaidi ya 40, wiki 3 zimepita na siwezi kunyanyua mkono. Je, ni uvivu wa mazoezi?

Usidhani hivyo, na usikubali kuambiwa "endelea tu na mazoezi" kabla hujapimwa. Katika umri huu kano za misuli 4 ya swali la 10 huchanika kwa urahisi bega linapoteguka. Omba kipimo cha ultrasaundi au MRI (picha zinazoonyesha misuli na kano, si mifupa tu) mapema, kwa kuwa kano iliyochanika ikicheleweshwa hunywea na kurudi nyuma, na kuishona huwa kugumu. Sababu nyingine inaweza kuwa mshipa wa fahamu wa swali la 9.

21. Bega langu liliteguka kwa nyuma baada ya kifafa. Mazoezi ni yaleyale?

La, tahadhari zinageuka. Kifafa na shoti ya umeme hukaza misuli yote kwa pamoja, na ile yenye nguvu zaidi huusukuma mfupa nyuma. Utaepuka kuvusha mkono mbele ya kifua, kuugeuza kwenda ndani, na kusukuma vitu vizito, pushapu zikiwamo. Aina hii hupitwa kwa urahisi kwenye picha moja ya eksirei iliyopigwa kwa mbele, hivyo mtu aliyepata kifafa na asiyeweza kuuzungusha mkono kwenda nje apigwe picha ya pembe nyingine. Kudhibiti kifafa chenyewe ni sehemu ya tiba ya bega.

22. Viungo vyangu vyote ni vilegevu, na bega hutoka hata bila kuanguka.

Hapa fiziotherapia ndiyo tiba ya kwanza, kwa miezi 6 angalau, kabla upasuaji haujafikiriwa. Usilitoe bega kwa makusudi ili kuwaonyesha wenzako, kwani kila mara linapotoka linazidi kulegea.

23. Mtoto wangu ameumia bega. Je, limeteguka?

Kwa watoto wadogo ni nadra. Sehemu laini ambayo mfupa hukulia huvunjika kabla kiungo hakijateguka, na umbo linaweza kufanana. Apigwe eksirei kabla mtu yeyote hajamgusa.

24. Bega limekakamaa badala ya kulegea.

Hutokea zaidi kwa waliovuka miaka 40 na kwa wenye kisukari. Mazoezi ya mwendo huongezwa kila siku bila kulazimisha, na uvumilivu wa miezi mingi unahitajika.

25. Niliteguka zaidi ya mwezi uliopita na halikurudishwa. Naweza kuanza fiziotherapia?

Bado. Baada ya takriban wiki 3 makovu huwa yameushika mfupa mahali pasipo pake, na kuuvuta kwa nguvu kunaweza kuuvunja au kuchana mishipa ya kwapani. Muone kwanza daktari bingwa wa mifupa, upigwe picha, na uamuzi wa kulirudisha au kuliacha ufanyike. Mtaalamu wa fiziotherapia ataanza hapo, akiwa na picha hizo mkononi.